Shindano la Picha la Kila Wiki: Mwongozo Kamili wa Kulianzisha na Kulidumisha Hapa Mombasa

Unachohitaji ni watu sita wenye simu, na mmoja kati yao asiyeogopa kulaumiwa. Kamera kubwa, bango, mdhamini na fulana za rangi moja vinaweza kungoja. Mimi nimeliendesha shindano la aina hii na majirani na marafiki, tukianza saba tu barazani Kibokoni, na kila tulipokwama sababu ilikuwa moja kati ya mbili: mada mbovu, au hukumu iliyonuka upendeleo. Zawadi haikutukwamisha hata siku moja. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye mada na hukumu, na kwingine nitapita mbio.

Hatua ya 1: Kusanya watu, kisha jitoe

Anza na unaowajua. Kumi na wawili wanatosha kabisa. Wakipita thelathini waamuzi wanachoka, na mwamuzi aliyechoka huchagua machweo. Shindano ni la wanaopiga picha kwa kupenda, kwa hiyo anayekula kwa kamera, awe wa harusi au yule wa pale Pirates anayekufuata mchangani kukuuliza kama unataka picha ya kumbukumbu, mwombe awe mwamuzi badala ya mshindani. Watakubali haraka kuliko unavyodhani. Watu huwa hawawaulizi wanafikiri nini, wanawauliza bei tu.

Wewe mwendeshaji usishindane. Hata ukiwa na picha ya maisha yako, itie mfukoni. Siku utakayoshinda shindano unaloliendesha mwenyewe, hakuna maelezo yatakayokuokoa.

Hatua ya 2: Panga wiki

Kiswahili kimeshatupangia ratiba. Jumamosi ndiyo mosi, Jumapili ndiyo pili, mpaka tufike Ijumaa. Basi mada itangazwe Jumamosi saa 2 asubuhi, ili watu wapate siku mbili za mapumziko mwanzoni, wakati hamu bado mbichi, na jioni za katikati ya wiki kwa waliochelewa. Mwisho wa kupokea uwe Alhamisi, waamuzi wakae na picha usiku huo na Ijumaa mchana, matokeo yatoke Ijumaa baada ya magharibi.

Sasa tahadhari ambayo ilitugharimu wiki nzima. Usiandike "mwisho ni usiku wa Alhamisi". Kwa wazee wetu, na kwa vijana wengi waliolelewa nao, usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Alhamisi kwao ni ule wa kuamkia Alhamisi, yaani Jumatano jua likishatua. Nusu ya watu walileta picha siku moja kabla, wakalalamika kwamba wenzao wamepewa siku ya ziada. Wote walikuwa sahihi. Tangu hapo naandika: "Alhamisi, saa 3 usiku, simu yako ikionyesha 21:00." Inachosha kusoma, lakini haina mjadala.

Mwezi wa Ramadhani sogeza mwisho hadi saa 5 usiku, watu wamalize tarawehe. Na mwezi huo usitoe mada ya chakula inayolazimisha mtu kuzunguka mchana akipiga picha za viazi karai.

Hatua ya 3: Chagua mada

Mada mbovu kuliko zote ni "Uzuri wa Mombasa". Tuliitoa wiki ya pili. Tukapata machweo manane, Fort Jesus nne na ngamia mmoja wa ufukweni. Hakuna aliyekosea, mada ilikuwa pana kama bahari, kila mtu akachota palipo karibu na mkono wake. Kadhalika "furaha", "maisha" na "utamaduni wetu". Haya ni maneno ya kufungulia hotuba, hayamtoi mtu kitandani saa 12 alfajiri.

Mada yoyote ninayoifikiria naipitisha kwenye maswali matatu. Mama mwenye mtoto mchanga, asiyeweza kutoka, anaweza kuipiga jikoni kwake? Mimi mwenyewe naweza kufikiria picha tano za mada hiyo zisizofanana? Na inaweza kupigwa bila kumkera mtu barabarani? Mada ya "feri", kwa mfano, inaanguka swali la kwanza na la tatu, nitaeleza sababu mbele. "Kitasa" inapita yote. Kitasa kipo kwenye milango ya nakshi ya Ndia Kuu, kipo kwenye kontena kuukuu la fundi wa baiskeli, na kipo kwenye kabati ambalo nyanya yako hakuruhusu uliguse.

Hazina yetu kubwa ni maneno yenye maana zaidi ya moja. Hapo lugha inakufanyia nusu ya kazi. Toa mada "Mbuzi", kisha kaa utazame. Wa kwanza ataleta mbuzi wa jirani aliyelala juu ya rundo la matofali. Wa pili, akishafikiri, ataleta mbuzi ya kukunia nazi, meno yake yakiwa meupe kwa tui. Huyo wa pili ameishika mada. "Paa" inakupa mabati ya Majengo, makuti ya Mtwapa, mikono inayopaa samaki, na kunguru anapopaa. "Kaa" ina kaa wa matopeni Tudor, kaa la moto la muuza mahindi, na mzee aliyekaa tu. "Pembe" itawakimbiza wengi kwenye yale mapembe manne ya Moi Avenue yaliyosimama tangu miaka ya 1950, na ni sawa, lakini pembe pia ni kona, na mji wa vichochoro una kona nyingi kuliko ndovu.

Nayo leso yenyewe, yaani khanga, ni shule ya mada. Ina pindo, ina mji, ina jina. Ukitoa "Pindo", wengine watakwenda Biashara Street kupiga doti zilizotundikwa, na mwengine atapiga ukingo wa povu mahali bahari inapokutana na mchanga. Ukitoa "Mji", umewategea mtego mzuri: wangapi watakumbuka kwamba katikati ya leso panaitwa mji?

Zungusha aina za mada ili wiki zisifanane. Wiki moja iwe kitu, kama kitasa, ngazi, sufuria. Inayofuata iwe hali, kama kungoja, kuchelewa, kuficha. Ya tatu iwe mbinu: kivuli pekee bila mwenye kivuli, au picha ya kutoka juu, au rangi moja fremu nzima. Mada za mbinu hazipendwi siku zinapotangazwa, lakini ndizo zinazofundisha. Aliyelazimishwa kutafuta rangi nyekundu siku sita hawezi tena kupita Marikiti bila kuona pilipili.

Na usisahau mwezi na bahari. Mada ya "Maji yamekupwa" itolewe wiki ya bamvua tu, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, siku ambazo maji hutoka mbali na miamba kubaki wazi. Sisi tuliitoa wiki ya maji mafu. Watu walisimama Nyali asubuhi nzima wakiisubiri bahari iondoke, nayo ikasogea hatua chache ikarudi. Angalia jedwali la maji, au muulize mvuvi yeyote. Atakujibu bila kuangalia kitu.

Andaa mada kumi na mbili mapema, za miezi mitatu, uzifungie. Usimwambie mtu, hata nduguyo wa damu.

Hatua ya 4: Andika masharti mafupi

Masharti yakipita nusu ukurasa hayasomwi. Haya ndiyo yetu, unaweza kuyachukua kama yalivyo:

Kila mtu picha moja. Ipigwe na wewe mwenyewe, ndani ya wiki ya mada. Kuikata pembeni, kuinyoosha, kuongeza au kupunguza mwangaza, na kuifanya nyeusi na nyeupe, ruhusa. Kuongeza au kuondoa kitu kilichokuwepo, hapana. Picha iliyotungwa na akili bandia haipokelewi. Usiandike jina lako juu ya picha. Aliye ndani ya picha na anayetambulika awe ameridhia. Picha inabaki mali yako. Sisi tunaomba ruhusa ya kuionyesha kwenye shindano tu.

Sharti la "ndani ya wiki" ndilo mhimili wa yote. Ukiliondoa, watu watafukua picha walizopiga Lamu mwaka juzi, na shindano litakuwa la nani ana simu yenye picha nyingi. Shida ya shindano la wiki, na utamu wake, ni kwamba mtu anatoka kwenda kutazama tena njia anayopita kila siku.

Sharti la mali nalo lisichezewe. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, picha ni ya aliyeipiga tangu inapopigwa, bila kuandikishwa popote. Yapo mashindano makubwa yenye zawadi nono ambayo masharti yake, ukisoma mpaka chini, yanachukua picha zote zilizoingia na kuzitumia kutangazia biashara. Lako lisiwe hivyo.

Hatua ya 5: Pokea picha bila kuziharibu

Ukipokea picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu huibana picha na kufuta taarifa zilizofichwa ndani yake. Taarifa hizo ndizo zinazokuonyesha tarehe na saa picha ilipopigwa. Mwambie mshiriki aitume kama dokumenti: abonyeze alama ya kuambatisha, achague dokumenti, kisha picha. Itafika nzima na tarehe yake. Njia nyingine ni barua pepe. Fomu ya Google inayopokea mafaili inafaa pia, ila inamtaka mshiriki awe na akaunti ya Google, na mafaili yanakula nafasi yako wewe, ile ya bure ambayo ni GB 15.

Picha ikifika, ibadilishe jina iwe namba. Weka daftari dogo, la karatasi, lenye namba na jina la mwenyewe, na daftari hilo lisipigwe picha wala kutumwa kwa mtu. Ukishuku kwamba picha imeokotwa mtandaoni, ipitishe kwenye Google Lens, inayotafuta picha zinazofanana mtandaoni, kabla ya kumshuku mtu kwa mdomo. Tarehe ya ndani ikikataa, muulize mwenyewe faraghani. Mara nyingine saa ya kamera ndiyo iliyopotea. Kamera za zamani betri ikifa hurudi mwaka wa kiwandani.

Hatua ya 6: Fundisha watu adabu ya kupiga picha mjini

Hapa mwendeshaji ana wajibu, kwa sababu wewe ndiye unayewatuma watu barabarani.

Kwanza pasipopigwa. Ndani ya feri ya Likoni na vivukoni kupiga picha kumekatazwa, na vibao vinasema hivyo. Bandari ya Kilindini, kambi ya jeshi la majini Mtongwe, vituo vya polisi na vizuizi vyao, hayo yaache. Ndiyo sababu mada ya "feri" hatuitoi. Akitaka meli, mshiriki asimame Mama Ngina zinapopita karibu zikiingia Kilindini, atazipata pamoja na wala mihogo. Droni ina kanuni zake za mwaka 2020 na leseni yake kutoka kwa mamlaka ya usafiri wa anga. Sisi tumeifungia kabisa.

Pili, watu. Mji wa Kale si jumba la maonyesho, ni nyumba za watu, na mlango ulio wazi haumaanishi karibu piga. Salamu itangulie kamera. "Assalaam aleikum mama, hujambo? Naomba nikupige picha ya mikono yako unavyosuka ukili, uso sitauchukua." Sema unataka nini na utaipeleka wapi. Akikataa, mshukuru na usigeuke nyuma kuiba moja. Akikubali, mwonyeshe ulichopiga, na ukiahidi kumletea nakala, mletee. Mpiga picha mmoja asiyerudisha nakala anawafungia mtaa mzima wanaomfuata.

Watoto ni jambo la kando. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha yake ni taarifa. Haya si maneno ya vitabuni tu: mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Kwetu, picha ya mtoto anayetambulika haiingii mpaka mzazi aseme ndiyo, kwa sauti au kwa maandishi. Wavulana wanaorukia majini piga migongo yao dhidi ya jua; wanakuwa vivuli, na picha inapendeza zaidi.

Wanaouza vitu barabarani nao wana kazi. Nunua kikombe cha kahawa chungu na kashata kwanza, uinywe, kisha uombe. Usisimame kati ya muuza madafu na wateja wake kwa dakika kumi ukitafuta pembe.

Hatua ya 7: Wasaidie kupiga picha nzuri zaidi

Hii haimo katika kuendesha shindano, lakini ukiwaacha watu bila mafunzo, wiki ya sita utakuwa unatazama picha zilezile. Mimi hutuma dokezo moja kila Jumatatu. Haya ndiyo yaliyosaidia zaidi.

Futa lenzi. Nusu ya picha zenye ukungu nilizopokea hazikuwa na ukungu, zilikuwa na mafuta ya mahamri. Na futa kwa kitambaa laini kilicholowa kidogo. Mjini kwetu kuna chumvi hewani na mchanga mfukoni. Ukisugua kavu kwa ncha ya shati, unapiga msasa.

Jua letu halina subira. Tuko kama nyuzi nne tu kusini ya ikweta, kwa hiyo jua huchomoza na kupanda karibu wima. Mwaka mzima linachomoza kati ya saa 12 kasoro dakika chache na saa 12 na dakika 35 hivi asubuhi, na ile rangi ya asali inayosifiwa kwenye vitabu vya nchi za baridi kama "saa ya dhahabu", kwetu ni nusu saa na ushee. Ukifika saa 1 na nusu umekuta mabaki. Bandari ya Kale iko mashariki ya kisiwa na Kilindini iko magharibi, basi asubuhi nenda Mji wa Kale, jioni geukia upande wa pili.

Mchana je? Mwezi wa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua hupita utosini kabisa, kama saa 6 na nusu hivi Machi na saa 6 na dakika 10 hivi Oktoba, na kivuli chako kinajificha chini ya miguu. Uso wa mtu saa hizo unakuwa na mashimo meusi machoni. Mwingize kichochoroni au barazani. Vichochoro vya Kibokoni vina kuta ndefu na njia nyembamba, jua linapiga juu na mwanga unashuka ukidunda kwenye chokaa mpaka ukufikie ukiwa laini. Watu wanalipia mwanga kama huo kwenye studio, na wewe unaupata bure mbele ya duka la mabuyu.

Kanzu na buibui. Kamera ni mjinga wa rangi. Inataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Ukipiga wanaume wametoka msikitini Ijumaa, kanzu zinakuwa kama zimefuliwa kwa maji machafu. Ukipiga buibui likijaza fremu, linafifia kama jivu. Gusa kioo cha simu juu ya nguo. Simu nyingi zitakuonyesha kijua kidogo. Kwa kanzu kipandishe, kwa buibui kishushe. Mchanga mweupe wa Bamburi unafuata sheria ya kanzu.

Milango ya nakshi: simama katikati, simu iwe wima, rudi nyuma hatua nne kisha vuta kwa lenzi ya mara mbili. Ukiinamisha simu kwenda juu, mlango unaonekana kama unaanguka kwa nyuma.

Vinavyokwenda: ukiweza kupanga mwenyewe kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafumbua jicho, 1/1000 ya sekunde inagandisha matone ya mtu anayeruka majini. Kwa tuk-tuk fanya kinyume: weka 1/30, ifuate kwa mwendo wake huku ukibonyeza. Tuk-tuk itakuwa kali na Digo Road nzima itageuka mistari. Itakutoka mara moja kati ya kumi, usikate tamaa mapema.

Wenye kamera za lenzi za kubadilisha wana adui wa pili, unyevu. Ukitoka kwenye ofisi yenye kiyoyozi moja kwa moja hadi nje, lenzi inalia machozi. Iache ndani ya mkoba dakika kumi izoee. Nyumbani usiihifadhi kwenye mkoba wa ngozi kabatini, kuvu itaota ndani ya vioo na haitoki. Ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vinatosha. Mchele haufai. Una vumbi.

Hatua ya 8: Hukumu

Tulianza kwa kura za wote. Kura za wote Mombasa maana yake ni nani ana mabinamu wengi. Wiki ya tatu picha ya kidole, ndiyo, kidole mbele ya lenzi, ilishinda kwa kura arobaini na moja kutoka kwa watu ambao hatukuwajua.

Tukahamia alama: mada kumi, mwanga kumi, mpangilio kumi. Ikaonekana ya kitaalamu, lakini kila mwamuzi alitoa saba kwa kila kitu ili asimkere mtu, na mshindi akapatikana kwa nusu alama. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuwapa watu namba ni kuwapa mahali pa kujificha.

Tunachofanya sasa ni hiki. Waamuzi watatu: mmoja anayeishi kwa kamera, mmoja asiyejua chochote cha kamera (kwetu ni mshona nguo, na jicho lake ni kali kuliko letu sote), na wa tatu ni mshindi wa wiki iliyopita. Wanaona namba, hawaoni majina. Kila mmoja, peke yake, anachagua tatu tu: ya kwanza pointi 5, ya pili 3, ya tatu 1. Wananitumia mimi kabla ya kuzungumza wao kwa wao. Najumlisha. Zikifungana, inashinda iliyowekwa ya kwanza na waamuzi wengi zaidi. Zikifungana tena, wanagawana ushindi.

Kumfanya mshindi awe mwamuzi wiki inayofuata kunatibu maradhi mawili kwa dawa moja. Mtu mmoja hawezi kushinda mfululizo akawavunja wenzake moyo, na yeye mwenyewe anajifunza uchungu wa kuchagua tatu kati ya kumi na tisa. Wengi wanarudi kushindana wakiwa wamepoa.

Waamuzi waulizwe maswali mawili kwa mpangilio huu. Kama sikuambiwa mada, ningeiotea? Na baada ya hapo, ningependa kuitazama tena kesho? Picha nzuri isiyo na mada isishinde. Itauma, hasa ikiwa ni nzuri kweli, lakini ukiiachia mara moja, kila mtu ataleta machweo yake na kuyabatiza jina la wiki.

Kisha maneno. Kila picha, hata ya mwisho, ipate sentensi mbili: moja ya kilichofaulu, moja ya cha kujaribu. Hii ni kazi, kwa watu ishirini ni saa nzima, na ndiyo inayowarudisha watu. "Nzuri sana, hongera" si maoni. "Kunguru amekaa vizuri, ila waya wa umeme unamkata shingo, ungepiga hatua moja kushoto" ni maoni. Mwamuzi aseme juu ya picha, asiseme juu ya mtu wala simu yake. Mshiriki wetu mwenye simu iliyopasuka kioo ameshinda mara nne.

Hatua ya 9: Zawadi

Picha ya mshindi isafishwe kwenye karatasi, basi. Wanaochangia ishirini ishirini wanatosha kulipia. Zingatia vipimo: picha ya simu nyingi ina uwiano wa 4 kwa 3, kwa hiyo agiza inchi 6 kwa 8, ukisema 8 kwa 12 fundi atakata pembeni picha ikiwa wima, na ikiwa ya mlalo atakata juu na chini, na pengine atakata kichwa. Kwa inchi 6 kwa 8 safi unahitaji pikseli 1800 kwa 2400, simu ya megapikseli 12 inayo zaidi ya hizo. Lakini lazima iwe ile nzima iliyotumwa kama dokumenti.

Mji huu unaijua thamani ya picha ya mkononi. N. V. Parekh alikuwa na studio yake hapa tangu miaka ya 1940, watu wakienda wamevaa za Idi, na miaka ya 1990 vibanda vya picha karibu na feri Likoni vilikuwa na mapazia yaliyochorwa, ukasimama mbele yake na kutoka umesafiri. Mpe mshindi karatasi, uone atakavyoishika.

Hatua ya 10: Malalamiko, na wiki za ukame

Malalamiko yapokewe kwa njia moja: kwako, faraghani, kabla ya Jumamosi asubuhi. Mada mpya ikitoka, faili la jana limefungwa. Ukikosea kujumlisha, na utakosea, tangaza kosa kwa sauti ileile uliyotangazia mshindi, kisha safisha picha mbili, ya aliyetangazwa na ya aliyestahili. Gharama ni ndogo kuliko uhasama.

Wiki za ukame zitakuja: masika ya Aprili na Mei yanaponyesha siku tano, wakati wa mitihani, wiki ya Idi. Usifute shindano na usisogeze mwisho. Ukisogeza mara moja, watu wataanza kupiga picha Ijumaa. Toa mada ya ndani ya nyumba, kama "Dirisha", "Mvuke" au "Kilichovunjika", na ukubali kupata picha tano. Wiki moja ya Mei tulipata mbili tu. Moja ilikuwa ndoo sebuleni chini ya paa linalovuja, na tone limenaswa nusu njia. Waamuzi walikaa nayo muda uleule kama wiki yenye picha ishirini, matokeo yakatoka Ijumaa baada ya magharibi, na Jumamosi saa 2 mada ikawa "Paa".